Jina Nililolikata Daftarini

Mwanangu Eleuteri,

Sikuulizi hali, maana nakuona. Umekaa kwenye kigogo nje ya jiko, unapiga viatu rangi, na mama yako amekupa mgongo anamenya ndizi ambazo leo hakuna atakayezila kwa hamu. Jua bado lipo. Nimejifungia humu ndani kwa sababu kuna mambo ambayo nikiyasema kwa mdomo nitayasema vibaya, kama kawaida yangu. Nilikuwa katibu wa kijiji hiki miaka mingi mno, na mtu akishazoea kusema kwa karatasi, akiambiwa aseme na mwanawe anaanza kukohoa.

Mambo ya safari namwachia mama yako. Shuka, dawa, viazi vya kula njiani, hayo ni yake. Mimi nataka kukueleza kwa nini kesho asubuhi unateremka kwa baba yako mkubwa Aloisi ukiwa mwanangu, na ukishafika unakuwa mwanawe. Nusu ya habari unaijua. Nusu nyingine nimekuficha, na sasa sioni faida ya kuficha, kwa kuwa hakuna kitakachobadilika.

Kazi ya lori umeipata ng'ambo, Kenya, na ng'ambo wanataka kitambulisho cha kwao. Baba yako mkubwa amekubali kukuandikisha kwa chifu wao kuwa ni mtoto wake wa kumzaa. Utaacha kuwa Eleuteri Kaspari, utakuwa Eleuteri Aloisi. Chifu naye amechoshwa na watu wenye vitambulisho vya pande zote mbili, kwa hiyo anataka barua ya kijiji chetu inayosema kwamba huku hakuna mtu wa jina lako. Barua hiyo iko mezani mbele yangu, imekwisha gongwa muhuri. Utaikabidhi kesho.

Wewe unaona ni karatasi tu. Siku ile uliniambia, "Baba, si ni jina la kwenye kadi? Mimi ni yuleyule." Nimekaa ofisini muda wa kutosha kuona watu wakigeuka kuwa kile kilichoandikwa juu yao, na mmoja wao nilimgeuza mimi.

Ngoja nikuchoree mahali petu, ingawa umezaliwa hapa. Wilaya yetu ni ukanda mwembamba uliolala ubavuni mwa mlima, upande unaotazama macheo. Juu ni msitu. Chini ya msitu ni vihamba vya migomba na kahawa, nyumba zimebanana humo. Chini tena ni mashamba ya mahindi na ulezi, halafu mpaka. Ukidondosha chungwa barabarani, unalifuata Kenya. Serikali imeigawa wilaya kwa kufuata barabara inayotoka Himo kuja Tarakea: tarafa, kata, kijiji, kitongoji, kila kipande na ofisi yake na bendera yake. Lakini sisi wenyeji hatuishi kwa kufuata barabara, tunaishi kwa kupanda na kushuka. Nyumba iko juu, ulezi wa kupikia pombe ya mbege uko chini, maji yanatoka msituni, soko liko mpakani, na ndugu wako pande zote. Sijawahi kuona ramani ya ofisini inayoonyesha maisha ya namna hiyo, na mimi nilikuwa mtu wa kuamini ramani za ofisini.

Kabla sijazaliwa, wapimaji wa wakoloni walipita huku chini wakasimika vigingi vya zege kutenganisha nchi hii na ile. Kimoja kiliangukia katikati ya shamba la chini la babu yako. Mzee hakugombana na mtu. Aliteremka hatua kama mia, mpaka pale shamba lake lilipoishia kweli, akapanda masale. Unajua sale kwetu ni nini. Likishasimama mpakani, hata mlevi anazunguka. Majirani wa ng'ambo waliheshimu, wa huku waliheshimu, na kigingi kikamezwa na kichaka. Sisi watoto tulikijua kilipo, tulikuwa tunakikalia tukifukuza ndege kwenye ulezi. Baba alitukataza kukitaja mbele ya wageni, basi, hakueleza zaidi.

Alipogawa mali alifuata mila. Mimi kitindamimba nilibaki na kihamba cha nyumbani, hiki unachokiacha. Aloisi alipewa shamba la chini, akajenga nyumba yake kati ya kigingi na masale. Hakunung'unika. Alipanda migomba mahali ambapo kila mtu alimwambia haioti, na ikaota kwa ukaidi wake.

Ikaja miaka ile mpaka ulipofungwa. Madukani kwetu hakuna sabuni, hakuna sukari, mafuta ya taa unayasikia kwa jina, na nyumba ya Aloisi ndiyo iliyotuvusha. Mama yako alikuwa anateremka na maharage, anarudi na miche ya sabuni ameifunga tumboni chini ya kitenge, mpaka mgambo wakawa wananipongeza kwa mimba ambayo haizai. Na mimi, katibu wa kijiji, nilikuwa naoga kwa sabuni ile, navaa shati safi, naenda ofisini kuandika taarifa ya mwezi kwamba hali ya mpaka ni shwari na magendo hakuna. Nakuambia haya ili usije ukadhani baba yako alikuwa mtakatifu aliyeteleza mara moja.

Mpaka ulipofunguliwa na mambo yakawa ruksa, wakaja maofisa wa pande zote mbili kuhakiki vigingi na kufyeka mstari. Nikapewa kazi ya kuwaongoza. Tulitembea siku tatu, wazee wa kijiji wakitufuata nyuma. Tulipofika kwa Aloisi, kigingi hakikuonekana. Mpimaji alizunguka na karatasi zake mpaka akachoka, akasema wataweka alama kwenye ule mstari wa masale, maana ndio unaoonekana kuheshimika. Wazee walikuwa wanatazama chini. Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni kwake na kata ya mbege ya kuwakaribisha wageni. Ilibaki mimi tu nikae kimya.

Sikukaa. Nilisema, "Mheshimiwa, kigingi kipo, kiko humu kichakani," nikaingia mwenyewe na panga. Hakuna aliyekuwa ameniuliza, Eleuteri. Nimejieleza sababu nyingi tangu siku ile, za sheria na za uaminifu wa kazi, na zote nimezichoka. Nilitaka yule mpimaji aseme huyu katibu ni mtu mkweli. Alisema. Nikafurahi. Nilishika ncha ya kamba ya kupimia nikiwa na furaha ya mtoto aliyesifiwa darasani, mpaka nilipoinua macho nikaona nyumba ya kaka yangu iko upande wa pili wa kamba. Aloisi aliimwaga ile mbege chini polepole, akaingia ndani, akafunga mlango.

Wiki iliyofuata nilifungua daftari la wakazi. Ningeweza kuliacha jina lake, kwani nani angeutafuta ukurasa ule? Nilichukua rula na wino mwekundu nikamkata yeye, mkewe na mabinti wake wawili, nikaandika pembeni kwamba wamehamia nje ya nchi. Hawakuwa wamehama hata hatua moja.

Mwaka uleule dada yako Filomena, binti yake mkubwa, alichaguliwa sekondari upande huu. Shule ilitaka barua ya utambulisho kutoka kijijini. Aloisi akapanda, akapanga foleni dirishani kwangu na watu wengine. Ni mkubwa wangu, nilipaswa kusimama. Nilimwamkia nikiwa nimekaa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya yule mtoto."

"Kaka, siwezi kuandika uongo mimi. Nenda akakuandikie chifu wa kwenu."

"Kwetu wapi, Kaspari?"

Nilimwita aliyekuwa nyuma yake. Filomena hakwenda shule ile wala nyingine yoyote. Sasa anauza vitunguu sokoni Tarakea, na kila nikipita ananiamkia vizuri kuliko ninavyostahili. Ningependa anitukane siku moja, tumalizane.

Hayo mawili, kigingi na foleni, kijiji kizima kinayajua. La tatu ndilo watu wanalolicheka mpaka leo, na kwangu ndilo linaloniuma kuliko yote. Miaka kadhaa ilipita, dhamiri ikanisumbua, nikaona nimwombe msamaha. Njia unaijua. Unachuma jani la sale, unakwenda kwa miguu yako mwenyewe, unamkabidhi uliyemkosea, naye hata awe na hasira ya kuchinja hawezi kulikataa. Mimi niliona haya. Niteremke kijiji kizima na jani mkononi mchana kweupe, mtu wa ofisi, watu wananichungulia kwenye migomba? Nikaandika barua. Nikaweka kumbukumbu namba. Nikaandika YAH: KUOMBA RADHI kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini yake, nikagonga muhuri wa kijiji, nakala nikaiweka kwenye jalada. Nilidhani muhuri unaiongezea heshima. Kisha nikamtuma mgambo aipeleke.

Aloisi aliibandika ukutani katika kiduka chake, juu ya mizani. Kila aliyekwenda kununua chumvi aliisoma, na nasikia wapo waliokwenda bila haja ya chumvi. Tangu siku hiyo mimi na kaka yangu hatukusalimiana tena. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Umekua ukijua una baba mkubwa chini kule kama mtu anavyojua kuna shimo nyuma ya nyumba, halisogelewi.

Mambo ya huku juu unayajua kwa macho yako. Kahawa tuliyoambiwa itatusomeshea watoto imekuwa mzigo. Dawa za mibuni zikawa za kutafuta mwenyewe, wanunuzi wakawa wengi na bei ikawa ndogo, na mimi kama wenzangu nikang'oa safu za juu nikapanda nyanya, zikaoza kwa ukungu. Kaka yako Siriaki yuko Dar, huja Krismasi na gari la kuazima, siku tatu anafungua nyumba yake ya tofali na kuifunga tena. Wewe ulibaki. Ukajifunza udereva, ukapata leseni, ukakaa Himo unaosha malori ya watu ukingoja mmoja akupe usukani, mpaka mikono ikakubabuka. Nilikuwa nakuona ukirudi mwisho wa wiki unavyokaa kimya mezani. Mtu niliyewaandikia barua vijana wote wa kijiji sikuwa na barua hata moja ya kukufaa.

Kwa hiyo mwezi uliopita, uliponiambia kazi ipo na kinachotakiwa ni kitambulisho, nilichuma sale nikateremka. Nimekaa na deni hili la jani moja muda wote huo, na kumbe njia ni ya saa moja tu, hata kwa magoti yangu haya. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Amezeeka, Eleuteri, amefanana na baba yetu mpaka nilitaka kurudi. Nilimnyooshea jani bila neno. Akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka mezani.

"Nimelipokea, Kaspari," akasema. "Sina ruhusa ya kulikataa. Lakini kama usingekuwa na shida ya mtoto, ungekuja?"

"Nisingekuja, kaka."

Sijawahi kumpa jibu la kweli namna hiyo bila kutafuta sifa. Akaendelea kuchambua maharage muda mrefu.

"Basi mlete. Mimi Mungu amenipa mabinti, wako kwa waume zao. Nitamwandikisha. Lakini akishaandikwa ni wangu, siazimi mtoto. Shamba hili litakuwa lake na atanizika hapa. Na wewe usimwite mwanao mbele za watu wakaja kumharibia kazi."

Nikasema sawa. Ningesema nini? Wote wawili tunajua kitindamimba ndiye anayebaki na kihamba cha wazazi, kwamba akiondoka yeye hakuna mwingine wa kuwasha moto hapa. Aliijua bei yake, nami niliijua. Sijui kama ni kisasi au ni huruma. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na nimeona halina tofauti, maana kwa vyovyote wewe unakwenda.

Nilipomweleza mama yako alisema, "Nilimzaa mimi, na siku hiyo hapakuwa na daftari." Tangu hapo anachoniambia ni kwamba chakula kiko tayari.

Jumatatu nikaenda ofisini. Mtendaji wa sasa ni kijana mwenye adabu, akanitolea kiti. Akasema, "Mzee, mimi siwezi kuandika kwamba hayupo wakati jina lake lipo hapa. Na mwandiko ni wako." Akanifungulia ukurasa. Nilikuandika mwenyewe wiki uliyozaliwa, kwa wino wa bluu, na nilikuwa nimeipamba E kwa mkia kama mjinga, kwenye daftari la serikali. Yule kijana akatoka nje, akasema anakwenda kuangalia mvua. Hapakuwa na mvua. Nilikukata. Nilitaka kuandika sababu pembeni, kama utaratibu unavyotaka, nikakosa neno, nikaacha wazi. Aliporudi hakuuliza, akaandika barua na kuigonga muhuri.

Ungetegemea sasa nikupe la kushika. Ningekuwa nalo ningekupa. Ninachojua ni kidogo na kimenigharimu vibaya. Watu wakubwa watakusifu kwa kuwafungulia kichaka ambacho hawajakuuliza, na sifa hiyo itakaa kwenye daftari lao, wewe utarudi kulala na ndugu zako. Ukikosea, nenda kwa miguu, na uende kabla hujawa na shida. Mimi nilichelewa, na msamaha nilioupata nimepewa kwa sababu mila imemlazimisha mtoaji. Unakula, lakini haushibishi.

Usijidanganye kwamba utarudi. Najua umemwahidi mama yako kwamba miaka miwili ikipita mambo yatakuwa mepesi. Mimi nimefanya kazi hii, najua karatasi hairudi nyuma. Utapata kitambulisho kwa jina la Aloisi, leseni kwa jina la Aloisi, utaoa kwa jina hilo, na watoto wako wataandikwa hivyo. Wakiuliza babu yao ni nani, utawaonyesha kaburi la chini, na litakuwa jibu sahihi. Huku juu tutafunga zizi mwaka huu au ujao, mama yako hawezi tena kukata majani ya ng'ombe. Migomba itajiotea yenyewe muda, kisha majirani watasogeza masale yao hatua moja, halafu nyingine, na sitawalaumu, shamba halipendi kukaa bure. Siriaki atakuja kutuzika, atafunga mlango. Nakuandikia hivyo bila kulia. Nililia Jumatatu.

Mheshimu Aloisi. Usimheshimu kwa ajili yangu, wala usiwe mjumbe kati yetu. Mpende akikupa nafasi, na usione kwamba unanisaliti, nilikupeleka mwenyewe. Alilima mahali pagumu maisha yake yote na hakuna aliyempigia makofi. Akikwambia migomba inaota hapo, panda.

Barua hii ukimaliza kuisoma mwachie mama yako, usivuke nayo. Ile ya muhuri ndiyo uvuke nayo, iweke mfuko wa ndani isilowe.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo lililonikalisha hapa. Tarakea ni padogo. Siku ya soko tutakutana tu, leo au mwezi ujao. Utakuwa na wenzako wa kazi, labda na mtu wa chifu. Usigeuze uso, watu wa mpakani wana macho, wakiona umegeuza uso watauliza. Njoo moja kwa moja, nipe mkono, useme, "Shikamoo, baba mdogo." Jizoeze kulisema njiani lisije likakukwama mbele yao. Mimi nimejizoeza leo mchana kwenye migomba, peke yangu, na mara ya nne nimeweza. Nitakushika mkono kama anavyoshikwa mtoto wa kaka, nitaitika marahaba, na nitakuuliza, "Baba yako hajambo?"